Kasha la kibodi la rojo la karatasi ni kitu gani?

Trei ya mayai ya kijivu unayoiona soko la Kilombero, Arusha, ni karatasi chakavu iliyolowekwa, ikapondwa hadi ikawa rojo, ikapewa umbo kwenye kalibu na kukaushwa. Kasha la kibodi la karatasi hutengenezwa vivyo hivyo: ganda linalobeba swichi na sakiti hufinyangwa kwa rojo badala ya kumiminwa kwa plastiki.

Wengi huuliza gundi inawekwa wapi. Haiwekwi. Karatasi ni nyuzi za selulosi. Zikilowa huachana, na maji yakitoka hushikana zenyewe kwa bondi za haidrojeni, yaani mvutano kati ya molekuli zao. Kiwandani rojo huwa jepesi kuliko uji wa mgonjwa, maji yakizidi asilimia 95. Kalibu yenye wavu wa chuma huzamishwa humo, pampu huvuta maji kupitia wavu, na nyuzi hubaki zimetandazwa juu yake. Upande uliogusa wavu hutoka laini zaidi, kwa hiyo kasha la kibodi lifinyangwe ndani ya kalibu ya shimo, yaani iliyobonyea, ili ulaini uje nje. Kuta ziinamishwe kidogo, la sivyo halichomoki.

Maboksi ya kaki yana nyuzi ndefu na imara kuliko za gazeti. Kila karatasi inaporejelezwa nyuzi hufupika, ndiyo maana trei kuukuu pekee hutoa kasha legelege.

Kazi huharibikia kwenye kukausha. Rojo husinyaa, na pasipo unene sawa kona hujikunja. Miezi ya Juni na Julai, Arusha ikiwa baridi na mawingu, usitegemee jua. Kibodi nayo haina msamaha wa vipimo: kwa kawaida katikati ya kitufe hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 19.05, na tundu la swichi ni milimita 14 kwa 14. Karatasi haiwezi kutunza vipimo hivyo. Kwa hiyo bamba la swichi, lenye matundu ya kushikilia swichi, hubaki la chuma au plastiki, na mtu akikuuzia kasha la “karatasi tupu”, mwulize bamba ni la nini. Skrubu pia hailiumi vizuri kasha la karatasi. Tumia boliti ya kupita hadi upande wa pili, na washa (kipete bapa) pana chini ya nati.

Ili kukinga kasha chai ikimwagika, nta au vanishi iliyopakwa mapema husaidia kiasi. Mimi ningepaka upande wa ndani tu, maana kasha lililopakwa vanishi pande zote ni gumu kulirudisha kwenye ndoo ya rojo.