Shingo inauma baada ya kuruka majini? Usiikande! Majibu kwa wanaokwenda Lake Powell

Kila kiangazi, wodi ya dharura ninakofanya kazi hapa Arizona hupokea vijana walioruka majini kutoka kwenye miamba ya Lake Powell, ziwa lililo mpakani mwa Arizona na Utah, Marekani. Wengine ni wetu kabisa, Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, waliochanga pesa wakakodi boti ya wikendi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu ninayotamani wangeyapata kabla ya safari.

Kuruka pale kunaruhusiwa?

Kwa kiasi. Ziwa limo ndani ya Glen Canyon National Recreation Area, hifadhi ya serikali ya mapumziko, na kanuni ya hapo inakataza kuruka kutoka kwenye mwamba, ukingo au jengo lolote lililo futi 15 au zaidi juu ya maji, yaani kama mita 4.5. Kutoka urefu huo unagonga maji kwa kasi ya karibu kilomita 34 kwa saa. Kutoka mita 10 inakuwa 50. Kutoka mita 20, pale wanapopenda kurekodiwa video, inafika 70.

Rafiki yangu aliruka palepale mwaka juzi na hakuumia. Si ni salama?

Hapana. Lile ni bwawa la jangwani. Maji yake yalianza kuzuiwa na Glen Canyon Dam mwaka 1963, na hupanda na kushuka kutegemea theluji ya milimani na kiasi kinachofunguliwa. Mapema mwaka 2023 yalishuka kuliko wakati wowote uliotangulia tangu bwawa lijazwe. Kufikia Julai mwaka uleule yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 18. Ule mkanda mweupe kwenye miamba myekundu unaonyesha yalikowahi kufika. Mwamba uliokuwa mita 4 juu ya maji unaweza kuwa mita 10 leo, na jiwe lililozama mbali chini sasa likawa usawa wa magoti yako. Ushuhuda wa mwaka juzi haukufai kitu.

Basi nikague vipi?

Ingia majini wewe mwenyewe siku hiyohiyo, polepole, ukiwa umevaa miwani ya kuogelea. Zunguka eneo lote utakaloangukia na pembeni yake, zama, tafuta mawe, kingo na magogo. Kama boti ina kipima kina, kitumie. Kwa kulinganisha, chini ya jukwaa la mashindano la mita 10 huwekwa maji ya karibu mita 5, na hapo sakafu ni tambarare na inajulikana. Kama huoni chini na huna cha kupimia, usiruke. Miguu itangulie, imebana pamoja, mikono imeshikwa mwilini. Kichwa kisitangulie hata mara moja, na sarakasi za hewani waachie wenye makocha. Aliyekunywa pombe abaki kwenye boti. Ndiyo, hata bia mbili.

Mwenzetu ameruka, shingo inamuuma, lakini anatembea. Si ina maana haijavunjika?

HAPANA. Nitalijibu hili kila mara litakapoulizwa, kwa sababu ndilo linalotuletea watu wakiwa wamechelewa. Pingili ya shingo inaweza kuvunjika na mtu akatembea, akacheka, akala nyama choma. Mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo bado ni mizima, lakini mfupa unaoilinda umelegea. Mtu akigeuka vibaya usingizini, au mjomba akimvuta shingo "ili irudi", mfupa unahama na kubana. Aliyekuja ziwani akitembea anaondoka hawezi kushika kijiko.

Kwa hiyo shingo au mgongo ukiuma baada ya kuruka, au mikono na miguu ikifa ganzi, ikichomachoma au ikiishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Ya sasa hivi, si ya Jumatatu.

Hata kumkanda na maji ya moto kidogo?

Hata kidogo. Usikande, usipake dawa ya kuchua, usivute, usigeuze shingo kuona kama "inalia". Usimpe vidonge vya maumivu ili alale halafu mtaangalia asubuhi. Mara ngapi tumeambiwa "tulimkanda tukadhani imeteguka tu"! Kwa mkono huwezi kujua kama imeteguka au imevunjika. Mimi pia siwezi, ndiyo maana tunapiga picha ya CT, aina ya eksirei ya kina.

Tumfanye nini basi?

Alale chali, asikae wala kusimama. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili bila kukivuta, abaki hivyo mpaka msaada ufike. Mkingeni na jua.

Kama yuko majini kifudifudi, mgeuze kama gogo, kichwa na kiwiliwili pamoja, umwache aelee. Asipopumua, pumzi inatangulia shingo: mtoeni na muanze kumpulizia na kumkandamiza kifua mara moja.

Halafu ombeni msaada. Sehemu kubwa ya ziwa haina mtandao wa simu, kwa hiyo hakikisheni mnapokodi boti kwamba ina redio na mnajua kuitumia. Chaneli ya dharura ni 16. Penye mtandao, piga 911. Someni namba za maili kwenye maboya mnapopita, maana "tuko kwenye korongo zuri lenye mchanga" haimsaidii mwokoaji. Hospitali ya Page ni ndogo, na Flagstaff iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Kila saa mnayobishana inaongezwa juu ya safari hiyo.

Aliangukia makalio, kiuno ndicho kinauma. Hiyo si nafuu?

Mgongo ni mgongo. Rudi kwenye majibu matatu yaliyotangulia hili, yote yanamhusu.

Hana bima, anaogopa bili. Na mwingine hana makaratasi.

Hofu hii naielewa, na bili za ambulensi nchi hii zinatisha kweli. Lakini sheria ya mwaka 1986 inailazimisha idara ya dharura ya hospitali inayopokea malipo ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, na karibu zote zinapokea, kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake wa kulipa wala uraia wake. Akishatulia, mwombeni mtu wa ustawi wa jamii na fomu ya msaada wa kifedha; hospitali nyingi zinayo. Mwombeni mkalimani wa Kiswahili pia, ni bure, na msimtumie mtoto wa darasa la nne kutafsiri. Kiti cha magurudumu kwa miaka arobaini kina bili yake, na hiyo haina fomu ya kupunguziwa.

Yeye mwenyewe anakataa kwenda, anasema tunamtia aibu.

Piga simu hata hivyo. Akikasirika, akasirike amelala chali.