Kuacha Sigara kwa Msaada wa Ujumbe Mfupi

Hamu ya sigara ikipanda haikai: ni dakika chache, kisha inashuka. Tabu ni kwamba dakika hizo hazikukuti kwa mshauri. Zinakukuta na wenzako usiku, mmoja keshakunyooshea pakiti. Simu ndiyo iliyo karibu.

Nchini Uingereza mbinu ya kumtumia mvutaji jumbe za kumsaidia kuacha ilijaribiwa kwa wavutaji wapatao 5,800, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Karibu nusu yao walipokea jumbe hizo, 5 kila siku kwa wiki 5, kisha 3 kwa wiki kwa wiki 26. Baada ya miezi 6, kwa kipimo cha mate na si kwa maneno yao tu, asilimia 10.7 walikuwa wameacha, dhidi ya 4.9 ya waliopata jumbe zisizohusu kuacha sigara. Ni zaidi ya maradufu, ingawa wengi bado walishindwa. Ndiyo maana anayevuta sana amuulize mtaalamu wa afya kuhusu plasta au chingamu za nikotini, azitumie pamoja na jumbe.

Ukijiunga na programu ya jumbe kama hizi utaulizwa siku ya kuacha. Itaje ndani ya wiki mbili. Ukiisogeza mbali, jumbe za maandalizi zinakuchosha kabla hujaanza. Kabla ya siku hiyo ondoa kiberiti na kisahani cha majivu, na uwaambie unaovuta nao.

Vijana wengi huvuta wikendi tu, wakajiona si wavutaji. Hao ujumbe wa Jumatatu asubuhi hauwafai kitu. Kama programu inakuruhusu kuchagua saa, weka Ijumaa usiku. Na kama hutaki nyumbani wajue, zima maandishi yanayojitokeza kwenye kioo cha simu iliyofungwa. Wapo wanaojitoa kwa sababu hiyo tu.

Programu nzuri haikutumii tu, inakujibu. Unatuma neno moja, tuseme HAMU, na jibu linarudi papo hapo: kunywa maji, toka nje, subiri dakika tano. (Wanaotunga programu za Kiswahili wasiweke ACHA kuwa neno la kujitoa. Kijana atalituma akitangaza kwamba ameacha sigara, na huduma ikatike.)

Pengine wengi hupotea wakiteleza. Kijana anavuta sigara moja, anaona aibu, hasomi tena jumbe. Kuteleza nako huwa na neno lake, kwa mfano NIMETELEZA. Litume siku hiyohiyo, kabla hujanunua pakiti nyingine.