Kutu ya gari la zamani huanzia ndani

Wanaoniletea magari ya zamani huanza kwa kuniuliza habari za rangi. Rangi ina siku yake, nayo iko mbali. Kwanza nalala chini ya gari na bisibisi na taa.

Ukiona malengelenge madogo chini ya rangi, usidhani ndiyo kutu inaanza. Mara nyingi ndiyo inamaliza: imeshakula bati kutoka upande wa pili, na sasa imetokeza. Bati la bodi lina unene wa takriban milimita moja, wakati mwingine pungufu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana huinua rangi, na hata kutanua maungio ya mabati mawili yaliyobanana vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo mimi hufuata maji kabla ya kufuata kutu. Toa viti, kapeti na vifuniko vya milango. Mwaga maji taratibu chini ya kioo cha mbele, kisha utazame yanatokea wapi. Yasipotoka, yamebaki ndani. Chini ya milango na kwenye vizingiti kuna vitundu vya kutolea maji, na karibu kila gari ninalofungua vimezibwa na vumbi, majani au lami ya fundi aliyetangulia. Angalia pia chini ya betri, mahali pa tairi ya akiba, na nyuma ya madigadi ambako tope hukaa bichi siku nyingi. Pitisha sumaku juu ya bodi. Isiponata, hapo pamejazwa puti nene, ule unga laini wa kujazia mabonde ya bodi.

Kutu ya juu juu haina maneno: msasa, praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), basi. Inayonisumbua ni ile iliyochimba vishimo. Brashi ya waya kwenye grenda huipiga msasa wa uongo: chuma kinang'aa, lakini ukikitazama kwa karibu utaona vidoa vyeusi vishimoni. Hivyo ni kutu nzima. Vyuma vinene vya chini mimi huvipiga mchanga, lakini si boneti wala paa, kwani bati pana na jembamba hujikunja na halirudi. Huko natumia diski ya msasa, halafu tindikali ya fosfori, ambayo hugeuza kutu iliyosalia kuwa fosfeti. Kutu yenye magamba tindikali haiiwezi, ni lazima ikwanguliwe kwanza. Na mabaki ya tindikali yakiachwa yakaukie juu ya chuma, praima haitashika. Yasafishe kama maelekezo ya chupa yanavyosema.

Vipuri vidogo nachovya kwenye maji yenye magadi ya kufulia na kupitisha umeme wa chaja ya betri, hasi kwenye kipuri na chanya kwenye chuma chakavu. Chuma hicho kisiwe cha pua, kwa kuwa hutoa sumu ya kromi majini. Fanyia kazi hiyo nje, maana inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Springi na bolti ngumu usizitie humo wala kwenye tindikali: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla.

Palipotoboka hapana dawa. Kata mpaka ufikie bati zima, chomelea jipya. Puti hunyonya unyevu, kwa hiyo kuziba tundu kwa puti ni kuihifadhi kutu. Kabla ya kukata kizingiti, funga nguzo ya chuma kwenye uwazi wa mlango, la sivyo bodi italegea na mlango hautafunga tena. Chomelea kwa nukta, ukihama hapa na pale ili bati lisipate joto mahali pamoja.

Baada ya hapo napaka praima ya epoksi mapema iwezekanavyo. Praima nyingi za kujazia hupitisha unyevu, na gari likikaa nazo miezi likisubiri rangi, kutu inaanza upya chini yake. Puti nyembamba ya kusawazisha naiweka juu ya epoksi.

Sasa upande wa nyuma wa mshono wa kuchomelea, kama ndani ya kizingiti. Joto limeunguza kinga yote, chuma kiko uchi ndani ya kisanduku kilichofungwa, na brashi haifiki. Hapo ndipo gari zuri linapoanza kuoza tena. Rangi ikishakauka kabisa, napuliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu mwembamba kupitia vitundu vilivyopo, siku ya joto ili itambae, mpaka idondoke chini. Nta kabla ya rangi ni balaa, kwa sababu rangi haishiki palipo na nta. Kisha nazibua tena vile vitundu vya maji kwa waya.

Lami nene chini ya gari siipendi. Inapozeeka hupasuka, maji yakaingia nyuma yake yasionekane. Nta angalau unaweza kuichungulia kila mwaka na kuongeza palipokauka.