Mtafute bibi kwenye mirathi ya mumewe

Wanaoniletea jina la bibi mzaa bibi yao wa Unguja huwa wanataka cheti cha kuzaliwa. Mwanamke wa kawaida aliyezaliwa kabla ya 1900 hana. Kalamu ilimfikia palipokuwa na mali ya kugawana, basi nami huanzia kwenye mirathi ya mumewe.

Hati inaweza kuwa mistari minne, lakini mafungu yake, yanayofuata sheria ya Kiislamu, yanasema. Mjane aliye peke yake akipewa robo, marehemu hakuacha mtoto. Akipewa thumuni, yaani moja ya nane, watoto wapo, wa tumbo lake au la mwenziwe. Ukikuta moja ya kumi na sita, wajane walikuwa wawili wakagawana thumuni moja, au wanne wakagawana robo; umeshajua bibi alikuwa na mke mwenza, jambo ambalo pengine nyumbani hakuna aliyewahi kulitamka. Jina nalo halikupotezi: tuseme ni Fatuma binti Juma, basi atabaki binti Juma hata akiolewa mara tatu.

Tarehe zisikubabaishe. Hati nyingi za kadhi hufuata Hijria, kalenda ya Kiislamu. Mwaka 1315 ulianza Juni 1897, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi, huwezi kujumlisha namba ileile kwa kila hati ili kupata mwaka wa Miladi.

Ugumu uko kwa masuria, watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake bila ndoa. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha nje. Wao walisubiri hadi 1909. Suria harithi, kwa hiyo kwenye mirathi humwoni, ila mwanawe hurithi sawasawa na mtoto wa mke. Ukiona watoto watano na mjane mmoja, usikimbilie kumpa wote. Mama wa baadhi yao huenda ni suria, huenda ni mke aliyeachwa zamani. Hapo geukia hati za wakfu, mali iliyotengwa isiuzwe wala kurithiwa: baadhi ya wenye mali waliweka nyumba au shamba kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao, na humo wanawake hutajwa kwa majina.

Wazee waende mwisho, ukiwa na nakala mkononi. Ukimuuliza shangazi kama bibi alikuwa mtumwa, utakaribishwa chai na mazungumzo yataishia hapo. Muulize shamba lilitoka kwa nani, na lilipogawanywa nani aligoma kutia dole gumba.