Kutoa draivushafti za mbele hakuifanyi Forester kuwa Mark X

Jumatatu asubuhi kijana mmoja kaegesha Subaru Forester mbele ya gereji, injini hata hajaizima, akataka nitoe draivushafti, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Akaniambia: "Fundi, nitolee draivushafti za mbele. Nataka ivute nyuma tu kama Mark X, mafuta yapungue." Nikamuuliza, oto au manyuo, yaani gia za kujibadilisha zenyewe au za mkono? Oto. Nikamwambia azime gari, tukae tuongee. Mazungumzo haya nimeyafanya mara nyingi mno, na mara nyingine nimeyafanya giaboksi ikiwa imeshaungua. Leo nayaandika.

Watu wanaichukulia foo-wili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, kama bomba la maji lenye matawi mawili: ukiziba la mbele, maji yote yataenda nyuma. Sivyo. Kati ya tawi la mbele na la nyuma pamekaa kitu, na kitu hicho ndicho kinachoamua nguvu iende wapi na kwa kiasi gani. Kabla hujashika spana, uliza katikati kuna nini. Fundi asiyeweza kukujibu swali hilo kuhusu gari lako asilifungue.

Tuanze na oto ya Subaru ya gia nne, maana ndizo zimejaa barabarani kwetu. Humo magurudumu ya mbele yameungwa moja kwa moja na giaboksi. Ya nyuma yanapata nguvu kupitia pakiti ya klachi pleti iliyokaa mkiani mwa giaboksi, na kompyuta ndiyo inayoibana na kuilegeza kwa solenoidi, valvu ya umeme, iitwayo Duty C. Ndiyo maana kwenye nyingi ya hizo gari, chini ya boneti, kuna nafasi ya fyuzi imeandikwa FWD. Ukiichomeka fyuzi, klachi inaachia na gari linavuta mbele tu. Waliolitengeneza walikuachia njia ya kuvuta mbele peke yake. Ya kuvuta nyuma peke yake hawakuiweka, na walikuwa na sababu.

Sasa toa draivushafti za mbele. Mzigo wote wa gari unapita kwenye zile pleti, zilizowekwa ili zisaidie kwa sehemu, kwa kubana na kuachia. Gari litatembea, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Litatembea Mwenge hadi Posta wiki nzima, mwenye gari atawapigia wenzake kuwasifia fundi wake. Mteja wangu mmoja alifanyiwa hivyo kwingine, akapakia familia na mizigo kwenda Iringa. Alipita Ruaha Mbuyuni salama, akaanza kupanda Kitonga. Katikati ya mlima injini ikawa inanguruma bila gari kusogea. Oili niliyoimwaga kwenye ile giaboksi ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, na pleti zilikuwa zimebaki chuma kitupu.

Manyuo ina kitu kingine katikati: difu ya kati, gia zinazogawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma, pamoja na viskasi, yaani sahani nyingi zinazozunguka ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Difu ikiwa peke yake, bila viskasi, na mbele hakuna draivushafti, gari halisogei kabisa; nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo. Viskasi ndiyo inayolisogeza, kwa kujipasha moto. Iliwekwa pale itulize tofauti ndogo ya mzunguko, wewe unaitwisha gari zima. Kwa hiyo anayetaka kuvuta nyuma kweli kwenye manyuo lazima aifunge difu ya kati: aichomelee, au aweke kipande kigumu kinachotengenezwa kwa kazi hiyo. Akifanya hivyo, ndiyo, gari litavuta nyuma.

Na mafuta? Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Ukishaifunga difu ya kati na kutoa draivushafti, pinioni, gia ndogo ya difu ya mbele, bado inazunguka. Kwenye Subaru difu ya mbele iko ndani ya giaboksi. Huwezi kuivua ukaiacha kabatini. Pinioni inazungusha gia kubwa, gia kubwa inakoroga oili, beringi zake zinasuguana kama jana. Ulichoondoa ni shafti na jointi ya ndani kila upande, kilo chache za chuma. Propela shafti, ile ndefu ya kwenda nyuma, bado ipo, difu ya nyuma bado ipo, uzito wa gari ni uleule. Sasa hayo mafuta yanapungulia wapi?

Niseme na hili, kwa kuwa linanisumbua. Kuna mtu niliyewahi kumfanyia kazi hii kwenye manyuo, kwa utaratibu wote, na aliapa kwamba matumizi yameshuka. Sikumwita mwongo. Lakini siku ileile nilibadilisha plagi, nikasafisha throto, nikaondoa beringi ya mbele iliyokuwa inalia. Siwezi kusema kwa moyo safi kwamba kilichompunguzia ni draivushafti, na pia siwezi kuapa kwamba hazikuchangia hata kidogo. Tangu hapo nikitaka kujua kitu nafanya badiliko moja kwa wakati.

Jambo jingine ambalo mafundi wa haraka hawalisemi: jointi ya nje haitoki. Kile kichwa chake chenye nati kubwa ndicho kinachoibana beringi ya gurudumu. Ukiitoa draivushafti nzima ukalirudisha gurudumu hivyohivyo, beringi inaanza kuachana, na gurudumu la mbele ndilo linalokukatia kona. Lazima uivunje draivushafti, kichwa kibaki kwenye habu, nati ikazwe kwa kipimo. Nimeona gari limekuja bila kichwa, linatembea, na mtoto kakaa kiti cha nyuma. Sikulala vizuri siku hiyo.

Halafu difu ya nyuma. Subaru Impreza na Forester nyingi zina difu ya R160. STI, zile Subaru za kasi, nyingi zina R180. Namba hizo ni kipenyo cha gia kubwa kwa milimita. Ile ndogo ilizoea kugawana kazi na ya mbele. Na injini ya Subaru imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo uzito mwingi uko mbele, nyuma kwepesi. Panda kilima cha vumbi kule Goba wakati wa masika na gari la namna hiyo, utaelewa kwa nini mbele palipewa nguvu.

RAV4 na X-Trail sitazichambua sana: injini imelala kwa upana, na kwenye nyingi mbele ndiyo msingi, nyuma ni msaidizi. Acha.

Yapo magari ambayo jambo hili ni rahisi, kwa kuwa nyuma ndiyo msingi wake. Nissan Skyline GT-R R32 ya mwaka 1989 inavuta nyuma muda wote, mbele inaitwa kwa klachi. Klachi isipobanwa, linabaki gari la kuvuta nyuma. BMW nyingi za xDrive, foo-wili ya BMW, zina mpangilio wa kufanana na huo. Na mwenye Hilux ya gia ya mkono asinisumbue: ukiweka 2H, yaani magurudumu mawili tu, tayari unavuta nyuma. Anayetaka dirifti, kuteleza makusudi kwenye kona, naye ana sababu ya kweli, nitamfanyia kazi kamili: difu ya kati imefungwa, R180 nyuma, na gari hilo lisibebe familia.

Yule kijana nilimwinulia gari juu. Gurudumu la nyuma kulia halikuzungushika kwa mkono, na rimu yake ilikuwa ya moto kuliko nyingine zote. Pistoni ya kalipa ilikuwa imeganda, breki inashika muda wote, na hiyo ndiyo inayokula mafuta. Tumeweka seti mpya ya vipuri vya kalipa, tumebadilisha pedi, tumejaza upepo sawa tairi zote nne. Draivushafti zake za mbele zipo mahali pake.