Tiba ya mwanga ni nini, na saa za kulala zinaingilia wapi?

Kama uko na kijana kwa nyumba analala saa kumi alfajiri anaamka saa sita mchana, na siku hizi haongei, hali chakula vizuri, ile mpira alikuwa anapenda ameacha, lazima kuna jirani ashakwambia ni uvivu ama ni simu. Inaweza kuwa depresheni. Na depresheni kwa vijana mara nyingi hutembea pamoja na usingizi uliohama saa zake, ndio maana madaktari wengine wanazungumzia kitu kinaitwa tiba ya mwanga.

Tiba ya mwanga ni kukaa mbele ya taa kali sana kila siku, kawaida asubuhi, kama matibabu. Taa yenyewe ni kama boksi bapa, ile ya kawaida inatoa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali ulipo), unaiweka karibu na uso umbali ambao mtengenezaji amesema, unakaa dakika 30 hivi macho yakiwa wazi lakini huikodolei. Unaweza kunywa chai ama kusoma. Miale inayochoma ngozi inakuwa imechujwa.

Ilianza kujulikana 1984, wakati daktari Norman Rosenthal na wenzake Marekani waliandika kuhusu watu ambao depresheni inawashika kila msimu wa baridi, siku zikiwa fupi. Sasa hapo mtu wa Kisumu atauliza, hiyo inatuhusu nini, sisi ikweta inapita hapo Maseno na mchana ni masaa kumi na mawili mwaka mzima? Swali poa. Lakini baadaye tiba hii ilijaribiwa pia kwa depresheni isiyofuata misimu. Utafiti mmoja wa Kanada uliotoka 2016 ulichukua watu wazima 122, ukawafuata wiki 8. Wengine walipewa taa, wengine kidonge cha fluoxetine (dawa ya depresheni), wengine vyote viwili, na wengine kidonge bandia na mashine ambayo haifanyi kitu. Waliopata taa pamoja na kidonge, karibu 59 kwa kila 100 dalili ziliisha kabisa ama karibu kabisa, na wale wa vitu bandia walikuwa 30. Kwa vijana wadogo majaribio ni machache na mengi yana watu kidogo, kwa hivyo mtu akikuambia hii ndiyo inaponya depresheni ya vijana, anakuuzia kitu.

Mwanga unafanyaje kazi? Nyuma ya jicho kuna seli ambazo hazihusiki sana na kuona picha, kazi yao kubwa ni kupima kama kumekucha. Zinapeleka habari kwa sehemu ndogo ya ubongo ambayo ndiyo saa kuu ya mwili, na hiyo saa inaamua melatonini, homoni ya usiku, itoke lini na ikatike lini. Shida ni kwamba saa hiyo kwa watu wengi inazunguka kwa zaidi kidogo ya masaa 24, kwa hivyo isiporekebishwa kila siku inateleza mbele polepole. Ujana nao unaisukuma zaidi, kijana wa miaka 16 kusikia usingizi baadaye kuliko mzazi wake ni mwili, si madharau. Na mwanga ndio unaoirekebisha kuliko kitu kingine chochote.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mwanga hauvuti saa upande mmoja tu. Kuna wakati joto la mwili linafika chini kabisa, kama masaa mawili kabla ya ule muda mtu huamka mwenyewe. Mwanga ukija baada ya hapo, saa inarudi nyuma na kesho usingizi unakuja mapema. Ukija kabla ya hapo, ubongo unaona ni jioni bado na usingizi unasogea mbele zaidi. Chukua huyo kijana wetu wa kuamka saa sita mchana, joto lake linafika chini kama saa nne asubuhi, so mama akimtoa kitandani saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza, amsimamishe nje akiamini anamsaidia, anaweza kumchelewesha usingizi zaidi, na wote wawili watashangaa mbona mambo yanazidi kuwa mabaya. Inayofaa ni kuanzia pale anapoamka mwenyewe, apate mwanga hapo hapo, alafu muda wa kuamka urudishwe nyuma kidogo kidogo, nusu saa hivi, kila baada ya siku moja ama mbili. Na Jumamosi asirudie ya zamani.

Boksi hizo ni ghali na si lazima uanze nazo. Pakua programu ya kupima mwanga kwa simu, haiko sahihi sana lakini inatosha kukuonyesha. Ndani ya bedsita ya Kondele yenye dirisha moja linaloangalia ukuta wa ploti ya jirani, hata balbu ikiwaka utaona namba ya mia na kitu tu, pengine chini. Toka kwa veranda asubuhi isiyo na mawingu mazito, namba inaruka hadi maelfu, na jua likishapanda inapita 10,000 bila kujikaza. Mtu anaweza kuishi kwa jua hili lote na bado asipate mwanga, juu anaamka, pazia limefungwa, anabaki humo mpaka jioni. Kufua nje ama kutembea hadi stage kunahesabika. Kuangalia jua lenyewe hapana, hiyo inaumiza macho.

Usiku ni kinyume, punguza taa na simu saa moja ama mbili kabla ya kulala.

Kuna wenye hawafai kujianzishia hii kitu. Mtu mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) ama ambaye familia yake inayo, mwanga mkali unaweza kumrusha kwa ile hali ya kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, kwa hivyo daktari aambiwe kwanza. Pia mwenye ugonjwa wa macho, ama anayetumia dawa zinazofanya ngozi isivumilie jua. Wengine huumwa kichwa kidogo siku za mwanzo. Na aliye kwa dawa za depresheni aendelee nazo, asiache ati amepata jua. Lakini kijana akianza kuongea habari ya kufa, achana na mambo ya pazia na masaa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.