“Niandikie thamani ndogo ili bima ipungue”: dhana zinazowagharimu wenye magari

“Niandikie milioni kumi tu, bima si ni bima?”

Kauli hiyo naisikia ofisini, naisikia kwenye simu, na nimeshaisikia hata kwenye foleni ya chakula harusini, mtu alipojua kuwa mimi ni dalali wa bima. Anayeisema ana Toyota IST ambayo hakuna anayeweza kuinunua kwake chini ya milioni 16. Mwekee kumi taslimu mezani, atakuona tapeli. Lakini akifika kwenye fomu ya bima, gari lile lile limeshuka bei ghafla. Ada ya bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, hupigwa kwa asilimia ya thamani, na shemeji yake amemwambia kwamba wajanja ndivyo wanavyofanya.

Basi tupige hesabu hiyo ya wajanja. Kiwango kilichozoeleka Tanzania kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, kabla ya VAT. Kwa milioni 16 ada ni shilingi 560,000. Kwa milioni 10 ni shilingi 350,000. Ameokoa 210,000, na mpaka hapo anajiona yuko mbele.

Miezi michache baadaye anakwepa bodaboda, gari linaingia mtaroni. Mlango, taa, bonati, rimu mbili na rangi: gereji inaandika shilingi 4,800,000. Mtathmini wa kampuni anakuja, anapiga picha, anahesabu vipuri. Kisha anauliza swali ambalo mteja hakulitarajia: gari la aina hii, la mwaka huu, lilikuwa linauzwa shilingi ngapi siku ya ajali? Jibu ni milioni 16. Mkataba unasema milioni 10. Hapo inaingia kanuni ya wastani, ambayo imo kwenye mikataba mingi na ambayo karibu hakuna anayeisoma. Umekatia bima kumi katika kumi na sita, kwa hiyo kampuni inabeba kumi katika kumi na sita ya hasara. Milioni 4.8 inageuka milioni 3. Toa eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe, tuseme asilimia 10 ya dai, inabaki 2,700,000. Zile 2,100,000 nyingine atazitafuta mwenyewe.

Angeandika thamani halisi, angelipwa 4,320,000 baada ya eksesi ile ile. Tofauti ni 1,620,000. Kwa kuokoa laki mbili na kumi kila mwaka, itambidi aendeshe karibu miaka minane bila hata mkwaruzo ndipo fedha hiyo irudi.

Nikimaliza hesabu hiyo, tena kwa kalamu na karatasi, mteja hunitazama na kuuliza: “Kwani matengenezo yamezidi milioni kumi?”

Hapa ndipo subira inaponiishia. Swali hilo ndilo linaloonyesha dhana yenyewe. Mtu anaamini kwamba akikatia bima ya milioni kumi, amenunua kapu la milioni kumi ambalo anaweza kuchota mpaka liishe. Sivyo. Amenunua kinga ya sehemu ya gari, na sehemu hiyo inamfuata katika kila dai, hata la taa moja. Sababu haina uchawi. Ajali nyingi si za gari kuisha kabisa. Ni za bampa, milango na taa. Kama mtu angeandika nusu ya thamani na bado akalipwa bampa zima, wanaoandika ukweli wangekuwa wanamlipia yeye. Kampuni zilishalifahamu hilo zamani sana, kabla shemeji yako hajazaliwa.

Gari likiibiwa au likaungua lote, hesabu ni fupi zaidi. Kikomo ni kile ulichoandika. Utapewa milioni kumi, toa eksesi, halafu nenda yadi ukatafute IST kwa fedha hiyo.

Wengine hawadanganyi, wanakosea tu, na kosa lao nalikuta mara nyingi kwa walioagiza gari Japani wenyewe. Wanachukua bei ya kwenye ankara, gari na usafiri hadi bandarini, wanaigeuza shilingi na kuiita thamani. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, gharama za bandari na usajili wameshazisahau, ingawa walizililia miezi miwili mizima. Thamani ya bima ni fedha itakayokurudisha kwenye gari kama hilo, hapa Dar es Salaam, likiwa na namba. Ankara ya Japani peke yake haifiki huko.

Upande wa pili wapo wanaopandisha. “Niandikie milioni 20, likipotea nipate faida.” Hutapata. Kampuni italipa bei ya soko ya siku ya tukio, na ada ya zile milioni nne za juu, 140,000 kwa mwaka, itakuwa sadaka yako kwao. Bima inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi.

Anayetaka nafuu ya kweli kwenye bima kubwa aitafute hapa, na cha kushangaza ndipo wasipotazama. Mtu amekata bima ya gari miaka mitatu kwa thamani ile ile ya siku ya kwanza. Kila mwaka analipa tu, hagusi kitu. Kama IST yake sasa inauzwa milioni 13, anailipia milioni tatu ambazo hatazipata kamwe, yaani 105,000 kila mwaka kabla ya VAT. Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka: wiki moja kabla ya bima kuisha, tafuta matangazo matatu ya gari kama lako, mwaka ule ule, hali ile ile. Piga picha za skrini zenye tarehe. Uliza na yadi mbili. Chukua bei ya katikati, mpe dalali wako, na zile picha zihifadhi, kwa sababu siku ya ajali ndizo zitakazokutetea mbele ya mtathmini. Usikisie tu kwamba bei imeshuka. Shilingi ikiyumba dhidi ya dola, magari ya mtumba hupanda bei hata yakiwa yamezeeka, na nimeshawaambia watu wapandishe thamani mwaka waliodhani watashusha.

“Kuna jamaa anatoa bima ndogo kwa elfu sitini”

Huyo jamaa anakuuzia karatasi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka viwango vya chini ambavyo kampuni haziruhusiwi kushuka chini yake. Ile 118,000 mliyoizoea kwa bima ndogo ya gari binafsi, ile inayolipia madhara kwa watu wengine tu, ni laki moja na VAT juu yake. Hakuna kampuni inayofanya promosheni ya nusu bei. Kuhakiki ni bure: ingia mfumo wa TIRA MIS, weka namba ya gari au ya stika, uone kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Ukiona hakuna kitu, huna bima, hata kama karatasi ina nembo tatu. Faini ya trafiki ndiyo ndogo katika balaa hilo. Kubwa ni kumgonga mtu, kisha ndugu zake na wakili wao wanakuja kwako badala ya kwenda kwa kampuni.

“Kampuni zote ni sawa, nipe ya bei ya chini”

Kwa kuwa viwango vya chini vipo, bei za kampuni hukaribiana, na ndiyo maana kuzunguka mjini kutwa nzima kwa ajili ya tofauti ya elfu thelathini kunanichosha hata kukutazama. Kuzunguka si kosa. Kosa ni kulinganisha mstari wa mwisho wa kotesheni, ile karatasi ya bei na masharti, peke yake. Weka kotesheni mbili pamoja, uzisome kuanzia juu. Eksesi ni kiasi gani, na je, ina kiwango cha chini? Eksesi ya “asilimia 10, isiyopungua laki tano” maana yake ni kwamba hasara ya laki nne na nusu ni yako yote. Kioo cha mbele kinalipwa hadi shilingi ngapi? Winchi je, kama umeharibikiwa Mikumi usiku? Mali za watu wengine zina kikomo gani, maana ukigonga Land Cruiser mpya ya mtu, milioni tano haitoshi kwa taa na bampa. Gereji unachagua wewe au wao? Dereva wa chini ya umri fulani anaongezewa eksesi? Ukimaliza hapo, ile elfu thelathini utaiona ilikotoka.

Na uliza watu waliowahi kudai, si waliowahi kulipa. Kila kampuni hupokea fedha kwa haraka.

“Nikienda moja kwa moja kwenye kampuni bei inashuka”

Haishuki. Kamisheni yangu inatoka kwenye ada ambayo kampuni ingeichukua yote. Ukienda mwenyewe utalipa ile ile, na siku ya ajali utajaza fomu peke yako.

“Ni gari binafsi, Bolt naifanya jioni tu”

Namba za njano, bima ya gari binafsi, na abiria wa kulipa kiti cha nyuma. Wanaofanya hivi ni wengi, na wengi wanaamini kwamba biashara ni mpaka gari liwe na namba nyeupe na mistari ubavuni. Kwenye bima, biashara ni kubeba mtu kwa malipo, hata mara moja. Bima ya biashara ni ghali zaidi kwa sababu gari liko barabarani muda mrefu zaidi, na safari za programu za simu huacha kumbukumbu: saa, njia, nauli. Mtathmini akizipata, dai lako la gari binafsi limekwisha, na usinipigie simu kunitaka nikaongee nao.

“Gari nimelinunua likiwa na bima ya miezi saba”

Bima ile ni mkataba kati ya kampuni na yule aliyekuuzia. Kadi ya gari ikibadilika jina, kampuni iambiwe kwa maandishi na ikubali. Ni barua moja. Watu hutumia siku tatu kubishana bei ya gari na hawatumii nusu saa kwa barua hiyo.

“Nitolee stika leo, fedha mwisho wa mwezi”

Hapana. Hakuna malipo, hakuna bima. Zamani mawakala walikopesha, na ndio waliowafundisha hivyo.

“Nikihama kampuni napoteza punguzo langu la kutodai”

Omba barua kwenye kampuni unayohama, ionyeshe miaka uliyokaa bila dai, uipeleke uendako. Nyingi huitambua. Wakikuzungusha kuitoa, kumbusha kwa barua pepe, siyo kwa simu.

“Bima kubwa ni bora siku zote”

Hii hunifurahisha kuivunja, ingawa inapunguza kamisheni yangu. Una gari la milioni nne na nusu, umri wake unakaribia wa mwanao wa chuo, vipuri vyake vinapatikana Ilala kwa bei ya kutupa. Bima kubwa itakuwekea kiwango cha chini cha ada bila kujali thamani hiyo, kisha eksesi yenye kiwango cha chini, na hasara zako nyingi zitaishia ndani ya eksesi. Utakuwa unalipa kila mwaka kwa ajili ya siku moja tu, ya gari kuibiwa au kuungua. Kwa siku hiyo kuna bima ya kati, inayobeba madhara kwa wengine pamoja na moto na wizi, kwa ada ndogo. Au kata bima ndogo, na tofauti ya ada iweke kwenye akaunti usiyoigusa, iwe fedha ya fundi.

Lakini ukichagua hivyo, usinirudie mwezi wa nne na picha ya bampa.